Magunia Matano na Komputa Moja

Walisema sitaweza. Jirani yangu, karani wa reli, alinicheka mbele ya wateja wangu: "Papa, weye umesoma, sawa. Lakini kuran, huu umeme wa Kalemie, haijasoma. Itaunguza hiyo komputa yako siku ya kwanza."

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma ya elektroniki, niliyoilipia mwenyewe kwa kutengeneza redio za watu. Mtaani kwetu hapakuwa na mwingine mwenye diploma kama ile, na sikuificha. Nilikuwa na biro, ofisi ndogo ya kuchapa barua kwa mashine ya mkono. Sasa nilitaka komputa ya kutumia miaka kumi, nami nikapanga kuiunga mwenyewe, kipande kwa kipande: kasha kubwa lenye nafasi, bodi ya aina ya 486 inayokubali kuongezewa kumbukumbu baadaye, kioo, printa, na kabla ya vyote stabilizateri ya kutuliza umeme.

Pesa ya Zaire wakati ule ilikuwa inaozea mkononi, kwa hiyo hakuna aliyekopesha noti. Niliomba ndagala, dagaa wakavu wa ziwa letu. Mjomba wangu alinipa gunia moja. Yule karani akanipa mawili, nadhani alitaka kuona mwisho wangu. Mama muuza samaki wa nyuma ya nyumba yetu akanipa mengine mawili. Ahadi ilikuwa gunia kwa gunia. Nilivuka nayo hadi Kigoma, nikauza, nikampelekea pesa rafiki niliyesoma naye Dar es Salaam aninunulie vipande, pamoja na orodha niliyoiandika upya mara sita.

Kuanzia hapo kila usiku niliisoma nakala ya ile orodha. Bodi itaingia kwenye kasha? Kumbukumbu zitakubaliana na bodi? Kosa moja, na duka liko ng'ambo ya ziwa. Mama muuza samaki alisimama mlangoni kila asubuhi.

"Papa, samaki yangu imeanza kuongea?"

"Bado, Mama. Iko njiani."

"Njiani tangu mvua! Angalia isiote mabawa."

Vipande vilifika kwa boti, vimefungwa ndani ya blanketi. Niliviunga kwa siku mbili. Kisha nikakosa ujasiri wa kuiwasha. Mimi, mwenye diploma! Siku tatu nilikaa mbele ya lile kasha, nikisoma orodha na kugusa kila skrubu.

Mke wangu akachoka. "Baba ya watoto, bonyeza basi. Unaogopa sanduku?"

"Ninaogopa magunia," nikamjibu.

Siku ya nne niligeuza kasha nifute vumbi. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingia, nikaona swichi ndogo nyekundu, haizidi ukucha. Ilikuwa kwenye 115. Umeme wetu ni 220. Katika orodha yangu ya mara sita sikuwa nimeandika neno hata moja juu ya volti, na stabilizateri yangu nzuri ingepeleka 220 ile ile, imetulia kabisa, iunguze kila kitu. Nilikaa chini. Kisha nikaisukuma ile swichi hadi 220 kwa ncha ya kalamu.

Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Herufi nyeupe zikatokea.

Nilimwita kila mtu. Karani akaja na suti yake, akainama mbele ya kioo cha komputa. "Njo hii tu? Ndiyo yenyewe?"

"Njo hii, Papa. Kaa, chapa jina lako."

Akachapa kwa kidole kimoja, akakosea mara mbili. Habari ya swichi sikumwambia. Ninaiandika hapa kwa mara ya kwanza.

Nilichapa bulletini za shule, zile ripoti za alama, mialiko ya ndoa, barua za watu waliotoka mbali, Nyunzu na Manono, kwa ajili ya ile komputa. Noti nilizopata asubuhi, jioni zilikuwa zimekwisha kugeuka ndagala. Kila umeme uliporuka niliangalia taa ya stabilizateri, mpaka gunia la tano lilipojaa.

Nikakodi mkokoteni. Mjomba alipokea lake bila kulifungua. Karani alihesabu mawili yake mara mbili. Mama muuza samaki alifungua kamba, akaonja ndagala mmoja, akatafuta mchanga kwa vidole, kisha akachukua mtwangio akashindilia.

"Yangu ilikuwa imeshindiliwa, Papa. Hapa panapungua."

Kweli palipungua. Nikaenda sokoni, nikarudi na beseni limejaa, nikamimina mpaka akasema basi. Akafunga kamba mwenyewe.