Jina Lililotoka Mbali Kumtafuta Mwanangu

Jina lenyewe sitaliandika. Ni la Kichina, fupi, linatoka mdomoni kwa pumzi moja, na wenye nalo duniani ni wengi kiasi kwamba hawatapungukiwa na kitu nikiwanyima nafasi hapa. Baba yangu aliondoka nalo Rwanda kabla sijafikisha siku nane. Alilibeba lote. Nimeishi vizuri bila hilo jina, na sioni haya kusema kwamba hasira yangu kwa mwenye nalo niliitunza vizuri kuliko vyombo vyangu vya harusi.

Sina neno na Wachina. Nina neno na mmoja.

Alikuja kusimamia barabara huko juu, Mudende, mama akiwa msichana anayewapikia vibarua maharage na viazi kambini. Yaliyotokea kati yao mama hajawahi kuyasimulia, nami sijawahi kumdadisi, maana ushahidi ni mimi. Kazi ilipokwisha malori yaliondoka asubuhi, mama akiwa bado kitandani na mimi kifuani. Kaka yake ndiye aliyepanda kwenda kutazama, akarudi na habari kwamba kambini yamebaki mapipa ya lami tu.

Kwetu mtoto akitimiza siku ya nane hupewa jina. Watoto wa jirani hukusanywa, hulishwa pamoja, kisha kila mmoja humtolea mtoto jina analolipenda yeye, na baba ndiye husema la mwisho. Kwangu wa kusema la mwisho hakuwepo. Mjomba alilisema kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango mvua inaponyesha. Naambiwa mtoto mmoja alipendekeza niitwe Lami, watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Shuleni niliitwa Lami, niliitwa Mushinwa, yaani Mchina, niliitwa mutoto ya barabara. Wengi wa walioniita hivyo leo ni wateja wangu, na nawasuka kwa kuvuta zaidi kidogo kuliko inavyohitajika.

Nina saluni hapa mjini Gisenyi, karibu na mpaka mdogo wa kuingilia Kongo kwa miguu. Wanaokaa kwenye viti vyangu ni akina mama wanaovuka kila siku kwenda Goma na nyanya zao na vitenge vyao. Vichwa vyote navimudu isipokuwa changu. Nywele zangu zinateleza, msuko hauzishiki, nami huo ndio urithi pekee niliopata upande wa baba.

Nilikuwa na mimba kubwa siku alipoingia yule Mchina. Mtu wa makamo, shati limenyooshwa, ana duka la matairi Goma na hulala Gisenyi. Alisimama mlangoni akanitazama usoni muda mrefu, mpaka wateja wakaanza kukohoa.

"Mama, pardon," akasema, kwa Kiswahili cha Goma kilichokolea. "Baba yako ni mutu ya wapi?"

"Ya barabarani," nikamjibu.

Wateja wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta kigoda, akaeleza kwamba alizaliwa Madagaska, kwamba babu wa babu yake alipelekwa huko kujenga reli, na kwamba tangu utu uzima wake anatafuta watu wa jina lao popote waliko. Kuna kundi kubwa la ukoo kwenye simu, watu wa nchi nyingi wasiojuana, wanaulizana: kwenu limefika? Liliingia kwa njia gani?

Mteja mmoja akamuuliza ni jina gani hilo. Akalitaja. Mkono wangu ukasimama kichwani kwa mtu. Nilikuwa nimelisikia kwa mama, kwa sababu kambini kila mtu alimwita baba kwa jina hilo.

Akaniambia lilikotoka. Zamani sana, alisema, halikuwa jina la mtu bali la nchi, ufalme mdogo huko kaskazini, kando ya mto mkubwa wenye maji ya tope. Jirani mwenye nguvu akaumeza. Watu waliobaki bila nchi wakaamua kila mmoja ajiite kwa jina la nchi hiyo, baba ampe mwana, mwana ampe mjukuu, ili lisifutike. Vita vikawasukuma kusini. Njaa ikawatoa kusini ikawaingiza baharini, wengine Malaysia, wengine Morisi kwenye miwa, wengine Peru. Popote waliposhuka, alisema, baada ya miaka michache utakuta duka na jina hilo juu ya mlango.

Alinionyesha ramani kwenye simu, imejaa nukta nyekundu. Pwani zimejaa, visiwa vimejaa. Rwanda ilikuwa nyeupe.

"Jina yetu iko fasi yote," akasema, akigusa kioo. "Hapa tu ndiyo haiko."

Kisa kile kilinigusa, na nilichukia kwamba kilinigusa. Sisi hatuna kitu kama hicho. Kwetu jina halirithiwi. Baba ana lake, mama ana lake, watoto watano wana majina matano, na mtu akifa anazikwa na lake. Mji huu umejaa waliorudi kutoka ukimbizini Uganda na Tanzania, na walipokuja kutafuta ndugu zao hawakuwa na jina la ukoo la kuulizia, walikuwa na jina la kilima na habari za babu. Wengine walipishana na dada zao sokoni Mahoko bila kujua. Watu wa nukta nyekundu wangeshikana mikono saa hiyohiyo. Na mmoja wao alikuwa na binti Mudende, jina analo mfukoni, akapanda lori.

Nilifanya kosa la kumsimulia mama. Kesho yake alishuka na basi, akaenda moja kwa moja kwa yule mwuza matairi na picha ya baba, ile moja aliyokuwa nayo: kijana mwembamba kando ya mashine ya kushindilia barabara, na nyuma yake kibao cha kambi chenye maandishi ya kwao. Hakuniuliza. Picha ikaingia kwenye kundi la ukoo, na haukupita muda mrefu akapatikana. Yuko hai, kijijini kwao, mzee. Mke alikufa. Mtoto mwingine hakujaliwa.

Mwuza matairi alirudi saluni uso unang'aa. Mzee amelia, alisema. Mzee ana ombi. Ukoo una kitabu, kila mwanaume ameandikwa chini ya baba yake tangu enzi za ule ufalme, na chini ya mzee hakuna kitu. Akifa ndiyo basi, mstari wake umekatika. Ila desturi yao inaruhusu: mtu asiye na mwana anaweza kuchukua mtoto wa binti yake akampa jina la ukoo. Kama tumboni kuna mvulana, mzee anaomba apewe lile jina. Ataandikwa chini yake. Rwanda itapata nukta.

"Na mi?" nikamuuliza. "Mi nitaandikwa wapi?"

Akatazama viatu vyake. Akasema kijijini kwao binti haandikwi, iko desturi ya zamani, donc nisikasirike.

Nilikasirika. Nilikasirika hadi mtoto akageuka tumboni. Mzee huyu alinipita mimi kama daraja ili amfikie mwanangu.

Nyumbani mume wangu alikuwa na maoni yake. Yeye alizaliwa Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka na moyo wake pia, na ndiyo maana nikampenda na ndiyo maana hunichosha. "Jina ni jina tu, mke wangu," alisema. "Mzee wa watu amebakiwa na nini? Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele yangu haijapita," nikamwambia. "Tena mimi ndiye niliyelala nayo miaka yote, si wewe."

Mama hakusema mengi. Alisema tu, "Mi sina hasira na mutu." Lakini tangu siku hiyo alianza kuimba akimenya viazi, nami nilijua kwa nini. Yeye alikuwa anasubiri mtu mmoja katika dunia hii akiri mbele ya watu kwamba hakuokota mimba barabarani.

Akazaliwa mvulana. Ndipo kisasi kikanijia, kikiwa kimekamilika, wala sikukitafuta. Waswahili husema aliye juu mngoje chini, nami nilikuwa nimengoja vya kutosha. Nilimpigia mwuza matairi nikamwambia mzee aje, kwa simu, siku ya kumpa mtoto jina. Alitoe mwenyewe, mbele ya wageni. Kuna jambo moja dogo la desturi, nikamwambia: babu anayempa mtoto jina hutaja kwanza jina la bibi wa mtoto, ili watu wajue jina linapita kwa nani. Jambo la nusu dakika.

Hakuna desturi kama hiyo. Niliitunga nikimfunga mwanangu nepi. Mume wangu alinisikia, akanitazama, akatoka kwenda kuazima viti.

Siku yenyewe mama alikuja mapema, amevaa mushanana, lile vazi letu la sherehe, wa rangi ya zambarau ambao alikuwa ameuweka kwa ajili ya harusi ya mtu fulani ambayo haikufanyika. Akaniomba nimtengeneze nywele. Nilimtengeneza, na nilipokuwa nimesimama nyuma yake nilitaka kumwambia nilichopanga. Kama mzee atalitaja jina lake, sawa. Kama hatalitaja, aibu itampitia mama kwanza ndipo imfikie mzee. Nililijua hilo. Nilinyamaza, kwa kuwa hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma, na sitajipamba hapa kwa kusema vinginevyo.

Alasiri watoto wa jirani walikaa kwenye mkeka wakala maharage na mboga kutoka sinia moja. Wageni walipewa Fanta na bia. Mwuza matairi aliegemeza simu kwenye glasi mezani, akaigeuza ili wote waone. Mzee akatokea, mdogo kuliko nilivyomkuza kichwani, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, mkono wa mtu ukimshikia simu. Akasema, "Habari," na wageni wakampigia makofi. Neno moja, makofi! Mama alipiga pia.

"Basi," nikamwambia mwuza matairi, "kwanza ataje jina ya mama yangu."

Akatafsiri. Mzee akaongea, akaongea, mikono ikicheza. Mwuza matairi akatabasamu. "Anasema alikuwa mupishi. Anasema maharage yake ilikuwa na pilipili sana, na alikuwa anaimba."

"Hiyo si jina."

Akatafsiri. Mzee akaacha kuchezesha mikono. Watoto nao waliacha kula, sijui nani aliwaambia. Kwenye simu kuku wa huko China alilia, au pengine ni wa jirani yangu. Mzee aliinamisha kofia, akasema maneno machache kwa sauti ndogo.

Mwuza matairi hakutaka kutafsiri. Nikamkazia macho. "Anasema hakumuulizaka," akasema. "Kambini wote walimuita Mupishi. Na yeye alimuita Mupishi."

"Yoo!" akasema mama mmoja pembeni.

Ilikuwa tamu. Nakiri, ilikuwa tamu hadi kwenye meno. Mtu wa ukoo unaokumbuka ufalme uliokufa, wa kitabu chenye wanaume wote tangu enzi hizo, hana jina la mwanamke aliyemlisha na kumzalia. Kila mtu kwenye sebule yangu amesikia. Kisha nikamtazama mama. Alikuwa amekaa wima kwenye mushanana wake, mikono magotini, na uso wake sijawahi kuuona hivyo, hata siku tuliyomzika mjomba. Utamu wote ukaniishia. Nilitaka kuizima simu.

Mama akainua mkono kunizuia.

"Mumwambie aniulize sasa," akasema.

Mwuza matairi akatafsiri upesi, kwa furaha, akiona mambo yamepona. Mzee alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akavua ile kofia. Nywele zake zilikuwa zangu, zinateleza. Akasogea karibu na kioo akauliza, na ingawa sijui lugha yao nilijua ni swali, na nilijua ameuliza kwa moyo.

"Anauliza, mama. Anasema, na heshima yote, jina yako ni nani?"

Mama aliuweka sawa mushanana begani.

"Mumwambie nimesahau," akasema.

Mwuza matairi alinigeukia mimi, anaomba ruhusa ya kulipunguza jibu makali. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamwambia atafsiri kama lilivyosemwa. Alipomaliza, mzee alibaki na kofia mkononi, mdomo wazi kidogo, kama anayesubiri sentensi iendelee.

Mama akamchukua mtoto mikononi mwangu, akawageukia wale wa kwenye mkeka. "Bon," akasema. "Nani bado hajatoa jina ya mutoto?"

Wote wakaruka na kupiga kelele kwa pamoja, vidole vimejaa maharage. Akawaamuru waketi na waseme mmoja mmoja, kwa sauti. Simu sikuizima. Nilimwacha mzee pale pale, ameegemea glasi, ayasikie majina yote.