Kitufe cha Mafuta

Baba aliponunua msumeno mpya wa injini, ule wa zamani alimpa mdogo wake, baba mdogo wa kijiji cha Paya, aanze kupasua mbao zake mwenyewe. Nilitumwa nimfundishe. Huu mpya hupaka mnyororo mafuta wenyewe, lakini wa zamani lazima ubonyeze kitufe kwa kidole gumba kila mara. Majirani walijaa kututazama, nikaona haya, nikafupisha maneno, na kitufe sikukitaja. Kwenye gogo la kwanza mnyororo ulitoa moshi, ukakwama kabisa.

“We ndugu yangu, mikono yako ni ya jembe tu,” Baba, aliyekuwa amekuja kutazama, alimwambia, na watu wakacheka.

Baba mdogo alicheka nao, kisha akanishukuru kwa kumfundisha. Niliitikia. Mpaka leo analima tu, na habari ya kitufe sijamwambia.