Kuku wa Osaka

Mahfoudh wa Ghubra alikuwa katika wale watu wanaokwenda mahali mara moja wakarudi wanapajua kuliko wenyeji. Wizara ilimpeleka Osaka kwa mafunzo ya miezi mitatu, akarudi hautaki tena wali wa nazi. Ukimpikia pweza, atakupa habari za Osaka. Ukimmiminia chai, Osaka. Mkewe, Hamdiya, alichoka mpaka akatamani mji ule ufutwe kwenye ramani.

Kilichomtia Mahfoudh wazimu zaidi ni katsu: kipande cha nyama kinachochovywa kwenye yai, kikaviringishwa katika chenga za mkate, kikakaangwa. Hamdiya aliposema hiyo ni katlesi iliyokosa viazi, mumewe alimtazama kama anayemtazama mgonjwa.

Basi Balqees, binti yao wa pekee, akaja kuposwa na Aws. Kijana alipendwa na wote, ila mama yake, Bi Shaikha wa Ansab, alijulikana kuwa hapendi mambo ya ovyo. Wageni kama hao hukaribishwa nyumbani, wakapikiwa. Hamdiya alishanunua mbuzi, na moyoni alishaanza kupika harusi yenyewe, maana karamu ya harusi ni ya kwao bibi harusi, na siku hiyo aliiota tangu Balqees yumo kwenye nepi. Mahfoudh akakataa. Wageni wake atawapeleka mkahawa wa Kijapani, wakaione dunia. Mbuzi akaingia kwenye friza, Hamdiya akaingia garini roho mkononi.

Huko hapana sinia. Kila mtu na sahani yake, na katsu yake ya kuku iliyokatwakatwa kama ya mtoto asiye na meno, na kabeji mbichi pembeni. Bi Shaikha akala kwa adabu, akasifu. Mambo yangekwisha hapo, lau bwana yule angejaaliwa kufunga mdomo.

"Hii si yenyewe," akasema Mahfoudh, akiisukuma sahani. "Kuku mkavu huyu. Osaka, wallahi, nimekula kila siku. Kuku laini, na ubavuni ana ukanda wa mafuta meupe, mnene kama kidole changu hiki."

Bi Shaikha akaweka uma chini.

"Mimi nnapasua kuku tangu mdogo, Bwana Mahfoudh. Kuku hana mafuta hayo. Uliuliza ni nyama gani?"

Hakuuliza. Wanaojua hawaulizi. Aws, kwa kumsitiri mkwewe, akainamia menyu, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana mamaye alikuwa ubavuni pake na maelezo ya Kiarabu chini ya jina la chakula yalisomeka: chakula hiki asili yake ni nyama ya nguruwe, ila hapa tunatumia kuku.

"Kila siku," akasema Bi Shaikha taratibu.

Mahfoudh akaeleza kuwa kuku wa Kijapani ni wanene, wanalishwa vizuri. Hamdiya aliona haya hata akasahau kumhurumia.

Nje, wakati wa kuagana, Bi Shaikha alimbusu Balqees, akamshika Hamdiya mkono.

"Posa iko pale pale, dada yangu. Binti yako nnamtaka, hana kosa."

Hamdiya akashusha pumzi, machozi yakimlenga kwa furaha.

"Ila chakula cha harusi," akasema Bi Shaikha, bila ya kumtazama Mahfoudh, "tutapika sisi."