Mtoto wa Kilo Tano

Chekeni tu, maana soko zima la Bariadi limeshanicheka. Juzi asubuhi niliingia kwenye jengo lililokuwa duka letu la ushirika. Siku hizi ni la mfanyabiashara mmoja, kalijaza sukari, sabuni na vitenge mpaka mlangoni. Lakini kaunta ni ileile ya mbao, na harufu ya mafuta ya taa haijatoka. Ikanirudisha miaka ya uhaba, tulipokuwa tukipata sukari kwa kujuana, kisha tunaifunga mgongoni kama mtoto ili majirani wasiione. Mimi nilikuwa fundi: nilimbembeleza "mtoto" wangu njia nzima.

Nikalipia kilo tano zangu waziwazi. Sijui mikono ilitumwa na nani, maana nilijikuta nje, sukari mgongoni, kanga nimeikaza, nabembeleza.

Mama Kulwa, tunayeimba naye kwaya, akanikuta barazani, akaniamkia kwa Kisukuma. "Wangaluka mayu! Huyo mjukuu kaja lini?"

"Amelala," nikasema. Ningesema nini?

"Hebu nimwone uso." Akafunua kanga. Akautazama mfuko, akanitazama mimi, macho yakamtoka. "Uwii! Kumbe sukari imeadimika tena?"

Hakuna aliyesubiri jibu. Kina mama wa sokoni waliacha nyanya zao chini wakauvamia mlango wa duka. Mwenye duka akachomoka katikati yao, shati halina vifungo. "Nani kasema sukari inaisha?"

Wote wakanyoosha vidole kwenye mgongo wangu. Nami, Mungu anisamehe, bado nilikuwa nabembeleza.