Nani Atakupokea Albania?

Jumamosi, kwenye basi la kwenda Cheektowaga, huku ughaibuni, mbele yangu walikaa mama mmoja wa Kivu, mfuko wa sombe, yaani majani ya muhogo, mapajani, na binti yake aliyevaa sare ya kutunza wazee. Binti alikuwa akimwonyesha mama picha kwenye simu: milima ya Albania, na chini yake bahari.

"Nitaenda wiki mbili, mama. Nitatembea na miguu kijiji kwa kijiji, kisha nishuke ku bahari."

"Na nani atakupokea?"

"Hakuna mutu. Hii njo likizo tu, mama."

Mama aliitazama ile milima kama anayeonyeshwa picha ya jirani aliyekosana naye.

"Bon. Miye nilitembea milima siku tisa, weye ukiwa mugongoni. Walikuwa wanatukimbiza. Donc, weye nani anakukimbiza?"

Binti alijibu kwa Kiingereza, akiangalia dirishani. Mama hakumsubiri amalize. Alitoa simu yake, akarekodi swali lake kwa sauti, akalituma kwa kundi la kwaya yake ya kanisani. Kabla ya vituo vinne jibu lilikuwa limefika: mwimbaji mmoja ana shemeji Italia, na shemeji yuko tayari kuvuka bahari ampokee mtoto.

"Anauliza utafika saa ngapi."

Walipokaribia kushuka, binti alifungua tiketi yake, akamsomea mama saa ya kufika.

Mimi pia natamani siku moja kusafiri peke yangu. Natafuta kwenye ramani nchi ambayo kwaya ile haina shemeji. Sijaiona bado.