Vyoo Thelathini na Viwili Vilivyoelekea Kibla

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu wa Kibokoni, maana huko kisa hiki kimeshatiwa chumvi mpaka ati nililia mbele ya watu, na mimi sikulia (nilikwenda kulia garini, tena nikiwa nimepandisha vioo). Mengine yote mliyosikia ni kweli. Mimi Mwanaidi, mhandisi wa serikali, mzaliwa wa Mji wa Kale, niliyefundishwa kibla kabla sijajua kufunga viatu, ndimi niliyesimamia vyoo thelathini na viwili vikajengwa vikaelekea kibla.

Kwa asiyejua, sisi mtu akienda msalani haelekei kibla wala hakipi mgongo, ni adabu tuliyokua nayo, na hapa Mombasa kibla ni kaskazini, tena kaskazini hasa, si ya kubahatisha. Sasa kila mchoro wa jengo huwa na mshale wa kaskazini pale pembeni. Mhandisi wa kutoka bara angekuwa na udhuru wake. Mimi mshale ule nilikuwa nauona kila siku ya Mungu, juu ya meza yangu, na karatasi nimeitia saini mwenyewe.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi wa nyumba za serikali hapa kisiwani, na jengo lenyewe lilikuwa la ghorofa nne, nyumba nane kila ghorofa, limejengwa kwa ajili ya wapangaji wa jengo kuukuu lililokuwa pembeni yake, ambalo dari lake lilikuwa likimwaga vipande vya zege juu ya vitanda vya watu. Mmoja wa wapangaji hao ni Shangazi Fatuma, dada yake marehemu baba, aliyenilea tangu nina miaka sita. Sharti lilikuwa moja: kabla ya mwisho wa mwezi wapangaji wote watie saini fomu za kuhamia, wasipotia nyumba zitangazwe kwa watu wengine, na wao wabaki na dari lao. Na watu hawakutaka kutia, kwa sababu walishaahidiwa na serikali mara nyingi wakaambulia patupu. Aliyewageuza ni shangazi. Alipita mlango kwa mlango, na magoti yake yale mabovu, akiwaambia njooni mtazame kwanza, mwanangu Mwanaidi yumo ndani ya kazi hii, hatutatiwa aibu. Hilo neno lilimfikia kila mtu.

Basi turudi nyuma miezi mitano. Nilikuwa Marikiti asubuhi ya Jumamosi, nina mfuko wa ndimu mkono mmoja na mwenye maembe ananisubiri niamue, hamali nyuma yangu ananipigia kelele nipishe njia, simu ikalia. Alikuwa Wafula, nyapara wa mafundi, mtu mtaratibu sana, akinieleza kuwa bomba la choo linagonga boriti, sasa ama tuongeze kona mbili kila nyumba ama tuligeuze bakuli lenyewe litazame ukuta wa dirisha, bomba lishuke moja kwa moja. Nikamwambia geuza. Akauliza, nyumba zote? Nikamwambia zote, vyoo vimepangana juu hadi chini, utageuzaje kimoja? Akasema sawa Injinia, na mimi nikarudi kwa maembe yangu nikijisifu kimoyomoyo kwa kuokoa kona sitini na nne. Jumatatu yake akaniletea daftari la saiti, nikatia saini bila hata kuketi.

Na msiniulize ilikuwaje sikuona baadaye, kwa sababu nilivikagua vyoo vile mara nne. Nilimwaga maji nikatazama yanavyokwenda, nilipima mteremko wa sakafu, niligonga vigae kimoja kimoja kwa funguo. Lakini nilivikagua nikiwa nimesimama. Choo hukijui mpaka ukikalie, na hilo chuoni hawakutufundisha.

Siku ya wapangaji kuja kutazama, mkubwa wangu aliteremka kutoka Nairobi asubuhi na mapema, na shangazi akaja mbele ya watu wote kama bibi harusi, buibui limepigwa pasi, na mnukio wa udi umetangulia. Nyuma yake akina mama, na nyuma yao wazee, wa mbele yao akiwa Mzee Karim, Mhindi wetu wa Makadara, aliyeuza vifaa vya ujenzi maisha yake yote na ambaye neno lake kwa wapangaji wanaume ndilo la mwisho. Tuliingia nyumba ya kwanza ya chini. Watu wakafungua mifereji, wakasukuma madirisha, wakasema mashallah. Mzee Karim akapapasa ukuta akasema plasta nzuri. Fomu zilikuwa mezani na kalamu juu yake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu tabasamu la picha.

Shangazi akaomba kutumia choo (mtu wa sukari, haendi mahali akakosa kuuliza msalani). Akakaa huko muda. Alipotoka alikuja moja kwa moja akanishika mkono, akanivuta pembeni karibu na dirisha la jikoni na kuniuliza taratibu, mdomo karibu na sikio langu:

"Mwanaidi, kibla ki wapi hapa?"

Nikanyoosha kidole. Na kidole kilipofika kilikotakiwa kufika, ndipo nilipojua. Ukuta wa dirisha, ule niliomwambia Wafula, ndio wa kaskazini.

Nataka mjue kuwa shangazi alinipa njia. Aliniambia kwa sauti ile ile ya chini, waambie tu kuna jambo la kurekebishwa msalani, waje wiki ijayo, basi. Ningesema hivyo, leo nisingekuwa na kisa. Lakini mkubwa wangu alikuwa amegeuka anatutazama, na mimi nina ugonjwa wa kutotaka kuonekana nimekosea, ninao tangu utotoni, muulizeni shangazi. Nikapaza sauti nikasema hapana shangazi, hakielekei sawasawa, kimekwenda upande kidogo, ngoja nikuonyeshe. Mzee Karim akauliza nini hakielekei wapi.

Nikaingia chooni na simu yangu, kuna ile programu ya kuonyesha kibla, watu wamejazana mlangoni, nikasimama mbele ya bakuli nikaiweka simu sambamba nalo, huku namuomba Mungu anipe walau upande wa nyuzi kumi. Simu ikatetema na kugeuka kijani, kama inavyofanya ukikipata kibla barabara. Akina mama wakavuta pumzi kwa pamoja. Mmoja akasema astaghfirullah, akaondoka mlangoni.

Hapo mwenye akili angenyamaza. Mimi nikaanza kutoa fatwa. Nikasema ati ndani ya jengo lenye kuta ruhusa ipo, nimesikia wanazuoni wakisema (mimi, ambaye madrasa nilikuwa nikiikimbia kwa mlango wa nyuma). Mzee Karim hakukasirika hata kidogo, akanijibu kwa upole kuwa ruhusa anaijua, ila ni ya mtu aliyebanwa asiye na namna, na wao hawajabanwa, wao ndio kwanza wanataka kuingia nyumba mpya. Akaongeza kuwa dukani kwake mteja wa Mji wa Kale alikuwa haulizi bei ya choo kabla hajaeleza nyumba yake imekaaje. Mkubwa wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa hajafahamu kinachozungumzwa, akaniuliza ni nani aliyegeuza mabakuli, kwa sababu mchoro anaoujua yeye vyoo vinatazama mashariki.

Nikasema, "Mafundi."

Ndiyo, nilisema hivyo. Wafula alikuwa amesimama pale kizingitini, kofia mkononi. Alitoka, tukamsikia hatua zake zikienda hadi kwenye kibanda cha vifaa na kurudi, akaja na daftari la saiti, akalifungua na kumkabidhi mkubwa wangu. Mkubwa akasoma kwa sauti, maana ndivyo asomavyo yeye kila kitu: mhandisi ameagiza kwa simu mabakuli yote yageuzwe yatazame dirisha. Chini yake saini yangu, ile yenye mkia mrefu ninayoionea fahari.

Nilimtazama shangazi nikidhani atanitazama. Hakunitazama. Aliwageukia majirani zake, akajiweka sawa mtandio, akasema:

"Mimi ndiye niliyewapigia milango. Niwieni radhi."

Yeye. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, aombe radhi mbele ya watu aliokaa nao umri mzima, kwa bakuli ambalo hakuligeuza. Nikasema hapana, kosa ni langu, na Wafula pia nimemsingizia, lakini sauti yangu ilitoka ndogo na watu walikuwa wameshaanza kutoka. Hakuna aliyeigusa kalamu. Siku ya mwisho ya mwezi ilikuwa imebakisha wiki tatu.

Mkubwa alinipa wiki mbili kuvirudisha vyote mashariki, na barua ya onyo ambayo bado iko kwenye faili langu. Tulivunja vigae vipya, tukatia kona zote sitini na nne. Wafula alifanya kazi ile bila kunirushia hata neno, nami siku ya kwanza nilimuomba msamaha mbele ya mafundi wake, akasema yameisha Injinia, tupe vipimo. Kisha nikaenda kwa shangazi kumwambia viko tayari, awaambie watu. Akanijibu kwamba yeye neno lake ameshalitumia, halipo tena. Twende wote, lakini mlangoni utasema wewe.

Tulikwenda jioni nne mfululizo. Yeye anabisha hodi, anatoa salamu, anauliza hali za wagonjwa na wajukuu, halafu ananyamaza na mimi nabaki na ulimi wangu. Ni mimi niliyekosea, nilisema. Si fundi, si serikali, ni mimi. Mlango wa kwanza ulinitoa jasho, wa kumi pia, na sikuzoea mpaka wa mwisho. Mzee Karim alinisikiliza, akavaa viatu, akaja saiti akavikagua vyoo vyote kwa kuvikalia (amevaa nguo zake, jamani), akatia saini, na wengine wakamfuata.

Fomu ya shangazi ikawa haijaja. Siku ya mwisho kabisa, ofisi inakaribia kufungwa, nimeshakata tamaa kwamba yeye ndiye ataikosa nyumba, nikamwona anapanda ngazi polepole ameshikilia ukuta. Nikamuuliza kwa hasira, hasira ya woga, kwa nini amengoja mpaka watu wote wamalize.

"Ningetia wa kwanza," akasema, "wangesema namfichia mwanangu."

Akatia saini, akaniuliza nimekula. Tangu siku ile jina la mtu mwingine halijatoka kinywani mwangu pale penye saini yangu, na halitatoka.