Mkono Wangu wa Bahati Ulitaka Kumfilisi Wifi Yangu

Jamani, nina kosa, tena kosa la kijinga. Nifichieni jina tu, maana huku kwetu Kimara watu wanasoma kila kitu, hadi karatasi iliyofungia karanga.

Wifi yangu, nimwite Zuhura, ni mdogo wake mume wangu. Alikuwa anashona kwenye kiwanda kimoja Mikocheni. Hali ilipobana wafanyakazi wakapunguzwa, naye akiwemo. Ana watoto wawili na baba yao haeleweki. Hakulia sana. Alinunua jiko, chuma cha chapati na meza, akajibanza kwenye njia ya kuelekea kituo cha daladala, wanapopita watu asubuhi kuwahi kazini mjini.

Siku ya kwanza akaniambia, "Wifi, njoo uniungishe, uwe wa kwanza." Nikaenda, nikanunua chapati mbili. Basi! Haikufika saa tatu, zote zimekwisha. Ukweli ni kwamba siku hiyo maji yalikatika mtaa mzima, hakuna aliyepika. Lakini nani alitaka kukumbuka maji? Zuhura aliushika mkono wangu wa kulia akaubusu. "Wifi, una mkono mwepesi, mkono wa bahati! Kuanzia leo wewe ndiyo unanifungulia biashara."

Ningesema, "Ni maji hayo, mwanangu." Sikusema. Nilipenda mno kubusiwa mkono!

Habari zikasambaa. Na kipindi hiki kila nyumba ina mjasiriamali mpya: aliyeachishwa kazi anauza uji, mwenzie anauza supu, binti wa jirani kafungua saluni ya kunyoa. Wote wakawa wananigongea mlango. "Dada shikamoo, pitia kwangu kwanza." Mie nami nikajiona! Najifukiza udi, napaka wanja, najifunga kanga mpya, ndiyo natoka kama mheshimiwa anayekwenda kukata utepe. Nakunywa uji, nakunywa supu. Saluni nilinyolewa kisogo mara mbili wiki moja, mpaka mume wangu akaniuliza kulikoni.

Kwa Zuhura nikawa nafika saa mbili imeshapita. Na hapa ndipo penye dhambi yangu. Zuhura alikuwa hauzi mpaka nifike! Chapati za moto ziko tayari, watu wamesimama na hela mkononi, yeye anawaambia, "Samahanini, subirini kidogo, anayefungua hajafika." Sasa mtu anawahi kazini, atasubiri nini? Wanaondoka zao.

Nilijuaje? Siku moja niko kwenye supu, fundi umeme mmoja analalamika, "Yule dada chapati zake safi, ila kichwani sijui vipi. Eti tumsubiri mama mmoja ana mkono wa bahati!"

Supu ikanipalia. Mnajua nilifanya nini? Niliongeza pilipili nikaendelea kunywa! Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho hiyo ikawa wiki mbili. Nikimwambia, si nitakuwa mtu wa kawaida tu tena?

Masikini Zuhura akawa anakonda. "Wifi, kuna mtu kanifunga kwa uchawi. Hebu leo ushike na unga kabisa." Astaghfirullah, niliushika! Mikono miwili, na bismillah juu, huku najua!

Ijumaa moja nikafika saa tatu, saluni walinichelewesha. Nikakuta Zuhura kaumwagia mkaa maji. Chapati zimejaa kwenye hotpoti, hata moja haijaguswa. Anaifunga meza kwa kamba.

"Narudi Ukonga kwa mama, wifi. Angalau watoto watakula. Biashara sina bahati nayo."

Nikabubujikwa na machozi. Nikamwambia yote: maji, fundi, supu. Akaiachia kamba.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na unga ukaushika?"

"Niliushika, wifi."

Akatoa chapati ya juu. Nikadhani ananipa. Alinipiga nayo usoni, paa! Wapita njia wakaangua kicheko. Kaka mmoja akasogea, "Dada, kwani umeshaanza kuuza?"

"Nimeanza!" akajibu huku analia. "Njooni wote!" Mpaka saa nne hotpoti ilikuwa tupu.

Siku hizi anauza kuanzia saa kumi na moja alfajiri na anayetangulia ndiye wa kwanza. Ukonga hajaenda. Kuna foleni pale, mashaallah. Ila mie nimewekewa sheria: nisionekane pale kabla ya saa nne.

Ndugu zangu, mtu wako akianza biashara kipindi hiki kigumu, nunua, lipa, pisha mwingine. Ukibusiwa mkono, uchomoe haraka. Na ukijua kinachomwangusha, mwambie siku hiyohiyo. Usiongeze pilipili!

Kofi la chapati nimelisamehe. Jana nimefika saa nne na dakika tano, nimejipanga kwenye foleni, mtu wa mwisho. Zuhura, aliyenipaka hina siku ya harusi yangu kwa mikono yake, hakuinua hata macho.

"Mteja," akasema, "nikupe ngapi?"